Bunduki ya Upepo Imepoteza Nguvu: Sili, Springi Mpya, Seti Kamili au Springi ya Gesi?

Mwenye bunduki ya upepo ya springi akiona risasi zinaangukia chini ya alama aliyozoea kuipiga, wazo linalomjia ni moja: springi imechoka, nitafute yenye nguvu zaidi. Ulinganisho huu nimemwandikia mtu huyo, kabla hajatoa pesa yake. Bunduki nyingi zilizoletwa mezani kwangu zikilaumiwa springi, springi ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye sili, yaani kile kipande kinachozuia hewa isivuje, na mara kadhaa kwenye ile sili ambayo hata silinda huhitaji kuifungua.

Njia ni nne, ukiacha ya fundi. Ya kwanza ni kubadilisha sili ya mtutu peke yake, springi usiiguse. Ya pili ni kufungua silinda na kurudishia sili ya pistoni na springi za aina ileile iliyotoka kiwandani. Ya tatu ni kuweka seti iliyochongwa maalumu kwa bunduki yako: springi, fimbo ya kuiongoza na kofia yake, vyote vikiwa vimepimwa vikae pamoja bila kucheza. Ya nne ni kuondoa springi ya chuma kabisa na kuweka ya gesi. Nimezipanga kwa ukubwa wa kazi, na ushauri wangu wote umo katika mpangilio huo: anza na ndogo, usiende kwenye inayofuata mpaka kipimo kikulazimishe.

Nguvu inapotelea wapi

Ukikoki, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi mpaka traiga iikamate. Ukifyatua, springi inaitupa pistoni mbele. Hewa iliyoko mbele ya pistoni inabanwa ghafla, inapata joto la mamia ya nyuzi, inapita kwenye tundu dogo na kuisukuma risasi. Kwa hiyo springi haiisukumi risasi. Inabana hewa, na hewa ndiyo inayofanya kazi. Hewa hiyo inazuiwa sehemu mbili: kwenye sili iliyo kichwani mwa pistoni, na kwenye sili iliyo kati ya silinda na mtutu. Mojawapo ikivuja, springi ingekuwa ngumu kiasi gani, nguvu itatokea pembeni.

Kuna hesabu moja ambayo kila anayetamani springi kubwa angeifanya kwanza. Silinda yenye kipenyo cha milimita 26, pistoni ikitembea milimita 80, ina hewa ya sentimita za ujazo 42 hivi. Basi. Hiyo ndiyo hewa yote uliyonayo kwa kila mpigo, na springi ngumu haiongezi hata tone. Ukizidisha nguvu kupita kiwango ambacho hewa hiyo inaweza kupokea, pistoni inafika mbele haraka mno, inadunda juu ya mto wa hewa na kurudi nyuma kabla risasi haijatoka. Unachopata ni teke kali, darubini inayohama mahali pake, na risasi isiyo na kasi zaidi ya ile ya zamani.

Pima kabla ya kushika bisibisi

Kronografu, kile kifaa kinachosoma mwendo wa risasi inapokipita, ndicho chombo cha kwanza cha ukarabati. Ukiweza kuazima, azima. Piga risasi kumi za pakiti moja, andika kila namba. Ukitaka kujua nishati, chukua uzito wa risasi kwa kilo, zidisha kwa mwendo, zidisha tena kwa mwendo, kisha gawa kwa mbili. Risasi ya gramu 0.52 inayokwenda mita 200 kwa sekunde ina jouli 10.4. Iweke namba hiyo. Utaihitaji mwisho wa kazi.

Wastani peke yake hautoshi. Tazama tofauti kati ya risasi ya kasi kabisa na ya polepole kabisa. Bunduki yenye afya huzipiga risasi kumi zikiwa zimepishana mita tatu, nne, tano kwa sekunde. Wastani ukiwa umeshuka lakini risasi bado zinafuatana kwa karibu, na unahisi kukoki kumekuwa kwepesi kuliko zamani, hapo springi ndiyo ya kushukiwa: imefupika au imekatika ncha. Wastani ukishuka huku kukoki ni kuzito kama siku zote, na namba zinaruka huku na huku, nguvu ipo ila inavuja, basi shuku sili. Ukisikia mkwaruzo au mruko wakati wa kukoki, kuna pingili ya springi iliyovunjika. Na ikitoa moshi na mlio mkubwa, risasi moja ikikimbia kuliko zote, kuna mafuta mbele ya pistoni na yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kama inavyotokea kwenye injini ya dizeli. Hilo la mwisho si ugonjwa wa springi wala wa sili bado, lakini ukiliacha litaila sili.

Asiye na kronografu ana kipande cha sabuni ngumu. Piga risasi tano kwa umbali uleule, nyuma kukiwa na kizuizi cha kuaminika na miwani ya kinga usoni, halafu pima kina kwa njiti. Hutapata jouli, ila utaona kama kila risasi inafika mahali pamoja.

Sili ya mtutu: kazi ya dakika chache ambayo wengi huiruka

Kwa bunduki ya kukunja mtutu, sili hii unaiona ukiikunja: ni oringi, au pete ya plastiki au ngozi, iliyozunguka tundu. Jaribio lake halihitaji kifaa. Kata kipande chembamba cha karatasi laini ya chooni, kilaze juu ya maungio ya mtutu na silinda, piga risasi moja salama. Karatasi ikipeperuka au kuchanika, hewa inatoka hapo. Geuza bunduki ubavu, rudia upande wa pili na chini, maana sili huliwa upande mmoja kabla ya mwingine.

Sili nzuri inachomoza kidogo juu ya uso wa chuma, kiasi cha kuhisiwa na ukucha, ili mtutu ukifungwa uibane. Iliyozama imekwisha. Ing'oe kwa sindano bila kukwaruza mfereji wake, safisha, weka mpya ya ukubwa uleule. Ikiwa sili ni nzima ila imezama tu, kata pete nyembamba kutoka kwenye kopo la soda na kuitia chini yake. Bati lile lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na mara nyingi pete moja au mbili zinatosha. Ukizidisha, mtutu utafungwa kwa shida na hautarudi mahali palepale kila mara, nawe utaanza kulaumu darubini.

Kwa bunduki za wenzo wa chini au wa pembeni, sili iko kwenye silinda inayoteleza, na kuifikia kunahitaji uangalifu: shikilia wenzo kwa mkono mmoja wakati wote vidole vya mwingine vikiwa ndani. Traiga ikiteleza, silinda inarudi na kukata. Usitegemee kizuizi cha usalama peke yake.

Nikilinganisha njia hii na nyingine tatu, haina mshindani kwa mwanzo. Haihitaji kibano cha kushikilia springi wakati wa kufungua silinda, haikuweki mbele ya springi iliyobanwa, na ukikosea unarudia. Kasoro yake ni moja: haiponyi kitu kilichoko ndani. Ukibadilisha sili na namba zikabaki palepale, sasa una sababu ya kufungua silinda.

Kabla ya kuchagua sehemu, jua kizibo cha nyuma kimefungwaje

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Springi ndani ya silinda haijalala. Hata bunduki ikiwa haijakokiwa, springi imebanwa sentimita 3 hadi 10, nyingine zaidi, na kinachoizuia ni kizibo cha nyuma tu. Namna kizibo hicho kilivyofungwa ndiyo inayoamua kama kazi hii ni ya nyumbani kwako, kuliko ujuzi wako na kuliko aina ya sehemu utakazonunua.

Aina ya kwanza ni kizibo cha uzi. Bunduki nyingi za kampuni ya Weihrauch, kama HW77, HW95 na HW97, zimejengwa hivyo: kizibo kizima kinafunguliwa kama kifuniko cha chupa. Uzuri wake ni kwamba uzi unaibeba springi mpaka mzunguko wa mwisho. Ubaya uko hapohapo, kwenye mzunguko wa mwisho, kizibo kinapojiachia na springi iliyobaki inakisukuma. Wapo wanaoegemea kwa kifua na kufungua kwa mikono. Mimi sikubaliani nao. Kufungua kunaweza kufaulu. Wakati wa kurudisha ndipo unapotakiwa kusukuma springi, kusawazisha kizibo na kuuanza uzi mwembamba kwa pamoja, na ukiuanza upande, silinda ndiyo imeharibika.

Aina ya pili ni ya pini. Bunduki nyingi za Gamo zina pini inayopita ubavuni, na Diana 34 inashikilia kitalu cha traiga kwa pini. Hapa hakuna uzi wa kukupunguzia; pini ikitoka, springi yote inaachiwa kwa mara moja. Bila kibano, usianze. Kwa upande mwingine, ukiwa na kibano kizuri, aina hii ni rahisi kuliko ya uzi, kwani kazi yote ni kubana, kusukuma pini, kulegeza polepole. Na pini yenyewe inakuambia ukweli: ukibana kiasi sahihi, inasukumika kwa kidole au kwa kugongwa kidogo tu. Ikidai nyundo, springi bado inailalia. Rekebisha kibano, acha nyundo.

Kuna na chache zilizoundwa kwa kumfikiria mkarabati. TX200 ya Air Arms inajulikana kwa kufunguka bila kibano, maana springi yake imebanwa kidogo tu inapokuwa haijakokiwa. Kama bado hujanunua bunduki na unapenda kuifanyia kazi mwenyewe, sifa hii ina thamani kuliko mita kumi kwa sekunde za ziada kwenye tangazo.

Kibano chenyewe unaweza kukitengeneza au kukinunua. Cha kutengeneza ni ubao mnene ulio mrefu kuliko bunduki iliyovuliwa kitako, wenye kizuizi cha raba upande wa mdomo wa mtutu na, upande wa pili, kizuizi imara kilichopitishwa boliti ndefu yenye nati. Kati yake ziwepo nguzo mbili za kuishikilia silinda isipinde juu wala pembeni, kwa sababu springi inayobanwa hutafuta njia ya kutoka. Boliti isukume katikati ya kizibo kabisa, na mwendo wake uwe mrefu kuliko urefu ambao springi itatoka. Ungedhani hilo la mwisho haliwezi kusahauliwa, lakini nimeliona likisahauliwa: boliti inaisha, springi haijaisha. Klampu ndefu ya seremala nayo hutumika, na watu wengi wameridhika nayo. Mimi naiona kama chaguo la pili, kwa kuwa taya yake inasukuma nje kidogo ya mstari na hupenda kuteleza. Kibano cha dukani kina nguzo zake tayari na kinafaa kwa anayefungua zaidi ya bunduki mbili tatu.

Vyovyote utakavyochagua: hakikisha bunduki haina risasi na haijakokiwa, vaa miwani, na mwili wako usiwe kwenye mstari wa springi, mbele wala nyuma. Bunduki iliyokwama ikiwa imekokiwa usiifungue nyumbani kabisa. Hiyo mpelekee fundi, na umweleze hali yake kabla hajaishika.

Sili ya pistoni: ngozi au plastiki?

Ukishafika ndani, sili ya pistoni ndiyo ya kubadilisha kwanza, hata kama springi nayo imechoka. Swali ni aina gani.

Ngozi ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Kampuni ya BSA ya Uingereza ilianza kutengeneza bunduki za upepo kwa hataza ya Lincoln Jeffries mwaka 1905, na zile za ngozi za enzi hizo ambazo zimetunzwa bado zinapiga. Ngozi inastahimili silinda iliyochakaa au isiyo duara kamili, inapata umbo la mahali ilipo, na inavumilia mafuta. Inachodai ni kunyweshwa: tone moja au mawili kupitia tundu la hewa mara kwa mara, bunduki ikisimamishwa mtutu juu ili mafuta yaishukie pistoni. Ikikauka inavuja, ikizidishiwa inatoa moshi.

Sili ya plastiki, ile yenye mdomo uliopanuka kama mwavuli, haihitaji kunyweshwa na huzipiga risasi kwa mwendo unaofanana zaidi. Ila haina huruma na fundi mwenye haraka. Ufa mrefu ulioko chini ya silinda, unaopitisha mkono wa kukokia, una kingo kali kama wembe, na sili mpya ikipita hapo kavu inachanika kabla ya kupiga hata risasi moja. Zungusha msasa laini kwenye kingo hizo kwanza. Kisha wakati wa kuingiza pistoni, tanguliza kipande chembamba cha plastiki ya chupa kifunike ufa, na ukichomoe kipande hicho sili ikishapita. Mimi niliharibu sili mbili kabla sijaanza kufanya hivyo.

Kukaza nako kuna kipimo. Pistoni yenye sili mpya, bila springi, iende ndani ya silinda kwa kusukumwa na dole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikihitaji uzito wa mwili, punguza sili kwa msasa laini kidogo kidogo huku ukiizungusha. Ikidondoka yenyewe, ni ndogo.

Uamuzi wangu: bunduki iliyozaliwa na ngozi na silinda ya zamani, rudishia ngozi. Bunduki ya kisasa iliyotoka na plastiki, weka plastiki ya kiwandani. Kubadilisha aina ni kazi ya kubadilisha pistoni au kichwa chake, na faida yake kwa mpigaji wa kawaida ni ndogo.

Springi ya kiwandani, springi ngumu, au seti iliyochongwa

Itoe ya zamani, ibiringishe juu ya kioo. Ikiwa inabiringika bila kuyumba, ncha zake ni nzima, na urefu haujapungua sana ukilinganisha na mpya, irudishe. Sisemi hivi kwa ubahili. Springi iliyokwisha kutulia inatoa mwendo usiobadilika, ilhali mpya hupungua urefu kidogo kwa risasi za kwanza, na namba zako zitatembea mpaka itulie.

Springi ngumu kuliko ya kiwandani siipendekezi kwa mtu yeyote niliyewahi kumshauri. Sababu ya hewa nimeishaieleza. Ya pili ni nafasi: zidisha unene wa waya kwa idadi ya pingili upate urefu wake ikibanwa mpaka mwisho. Waya wa milimita 3.1 wenye pingili 33 unafika milimita 102. Kama nafasi iliyopo pistoni ikiwa nyuma kabisa ni milimita 100, bunduki haitakokika, au itakokika kwa nguvu ikipinda mkono wa kukokia. Ya tatu ni sheria. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo inayozidi futi-pauni 12, takriban jouli 16.3, inahitaji cheti cha silaha. Ujerumani mpaka wa zile zinazouzwa huru kwa watu wazima ni jouli 7.5. Nchi nyingine zina mipaka yao, na zipo zinazotaka kibali kwa bunduki yoyote ya upepo. Springi moja tu inaweza kukuvusha mpaka bila wewe kujua, kwa hiyo jua kiwango cha mahali ulipo kabla ya kuagiza.

Seti iliyochongwa ni habari nyingine, na hapa nakiri kuwa nina upendo. Ile milio ya chuma kinachotetema baada ya kila mpigo inatokana na springi kucheza: ndani yake kuna fimbo nyembamba mno, nje yake kuna pistoni pana mno. Seti nzuri ina fimbo ya plastiki ngumu inayoingia ndani ya springi kwa kusukumwa, na kofia mbele inayoiweka katikati. Bunduki inayopigwa baada ya kuwekewa seti inayokaa sawasawa inatoa mlio mmoja mfupi mkavu. Mara nyingi springi ya seti ni laini kuliko ya kiwandani, na nguvu inabaki ileile kwa sababu haipotei kwenye mtetemo. Shabaha inapata nafuu kuliko mwendo.

Ugumu wa seti ni kuipata inayolingana. Jina la bunduki pekee halitoshi: HW77 za mwanzo zilikuwa na silinda ya milimita 25, za baadaye 26. Diana 34 imepitia traiga za T01, T05 na T06, na sehemu za toleo moja si lazima ziingie kwenye jingine. Pima mwenyewe ndani ya pistoni na ndani ya springi kwa kipimo cha taya kabla ya kuagiza, na umtumie muuzaji namba hizo.

Springi ya gesi

Gesi si jambo la jana. Kampuni ya Theoben ya Uingereza ilishaziuza bunduki za aina hii miaka ya 1980, na leo Crosman, Gamo na Diana wana zao. Badala ya waya uliozungushwa kuna silinda iliyofungwa yenye gesi, kwa kawaida naitrojeni, na fimbo inayosukumwa ndani wakati wa kukoki.

Inaishinda chuma katika mambo halisi. Haizunguki inapoachiwa, kwa hiyo bunduki haisokoti mkononi. Haitetemi. Pistoni inaondoka mapema zaidi. Ukiiacha imekokiwa muda mrefu haipotezi nguvu kama chuma, ingawa kuacha bunduki imekokiwa bado ni tabia ya hatari. Na inashindwa katika mengine: kukoki kunakuwa kuzito tangu mwanzo wa mwendo, teke lake ni fupi lakini kali, na ikivuja hakuna cha kurekebisha nyumbani, unanunua nyingine. Springi ya chuma iliyovunjika ncha inaweza kukumalizia siku ya mashindano. Ya gesi ikiisha, imeisha.

Kabla ya kutamani, tazama pistoni yako. Ikiwa traiga inaikamata kwa fimbo inayopita katikati ya springi, gesi haina pa kukaa mpaka ubadilishe pistoni na pengine traiga pia. Ikiwa inakamatwa ukingoni mwa nyuma, nafasi ya katikati iko wazi na kuna uwezekano wa kupata ya kuingia moja kwa moja. Kibano bado kinahitajika, safari hii kwa mwendo mfupi na nguvu kubwa. Na ile ya zamani iliyochoka usiikate, usiitoboe, usiitupe motoni. Ndani bado kuna mgandamizo.

Kwa anayeanza ukarabati, ningemwambia gesi inunuliwe ikiwa ndani ya bunduki tangu kiwandani. Kubadilisha kutoka chuma kwenda gesi ni njia ya mwisho katika nne hizi, na mara nyingi seti iliyochongwa inampa mtu kile alichokuwa akikitafuta kwenye gesi.

Grisi, kwa ufupi

Grisi yenye molibdeni kwenye chuma kinachosuguana na chuma: nyuma ya pistoni, mkono wa kukokia, ekseli ya mtutu. Isiende mbele ya sili. Mafuta ya silikoni yanafaa kwa sili, si kwa springi wala traiga, kwa kuwa hayalindi chuma dhidi ya chuma. Grisi nzito inayonata hupakwa juu ya springi kuua mtetemo, na inaua kweli, pamoja na sehemu ya mwendo wa risasi. Ipake kama rangi, isiwe kama siagi. Aliyeweka seti inayokaa vizuri haihitaji.

Nani achague nini

Bunduki inayovuja karatasi ikipeperuka: sili ya mtutu, kisha funga kitabu. Bunduki ya miaka mingi iliyopoteza nguvu polepole, namba zikiruka: sili ya pistoni, na springi ya kiwandani endapo ya zamani imepinda. Bunduki yenye nguvu ya kutosha lakini inayolia na kutetemeka: seti iliyochongwa, na hapa sioni sababu ya kusita ikiwa kibano unacho. Mwindaji anayekaa na bunduki imekokiwa kwa muda na asiyejali uzito wa kukoki: bunduki ya gesi ya kiwandani.

Fundi ni kwa ajili ya iliyokwama imekokiwa, silinda iliyokwaruzika ndani, uzi ulioharibika, na kila kitu kinachohusu meno ya traiga, yale yanayoikamata pistoni. Meno hayo usiyaguse kwa tupa hata siku moja. Yakipungua unene wa unywele bunduki inaweza kujifyatua, na kwenye ya kukunja mtutu, kujifyatua mtutu ukiwa wazi kunaurusha juu kwa nguvu ya kuvunja vidole. Unapotoa traiga ya Rekord ya Weihrauch, fanya kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani: kitufe cha usalama kina springi ndogo nyuma yake, na hurukia mahali ambapo hutakiona tena. Kabla ya kuirudisha, traiga hiyo inatakiwa iwe imekokiwa, la sivyo haitashika.

Ukishafunga, koki mara moja huku mtutu au wenzo umeushikilia kwa nguvu, usikilize traiga ikikamata, kisha uache mkono polepole sana. Usipige bila risasi ndani, kwa kuwa pistoni isiyokuta kizuizi cha hewa inagonga chuma na sili mpya ndiyo inayolipia. Risasi kumi au ishirini za kwanza zinaweza kutoa moshi kidogo. Baada ya hapo rudi kwenye kronografu na ile karatasi ya namba kumi za mwanzo, piga nyingine kumi za pakiti ileile, uziandike kando yake. Zikiwa zinafuatana kwa karibu, kaza skrubu za kitako, kwani hulegea zenyewe katika risasi hizo za kwanza.